Derry Girls si hadithi ya vita vya dini jamani

Ndugu Mhariri,

Naandika usiku huu huu maana najijua, nikilala hasira itapoa na barua haitaandikwa tena. Mwandishi wenu wa burudani kaisifia Derry Girls na mimi nampongeza, komedi nzuri inastahili, ila katikati ya sifa kapachika mstari mmoja kama mtu anayepita tu, kwamba wale wasichana wanakulia kwenye vita vya dini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Halafu huyooo akaendelea na habari za mitindo ya nguo ya miaka ya 90. Mhariri, mtu huwezi kutupa jiwe zito namna hiyo halafu ukaendelea na suruali.

Hapa nyumbani tumeiangalia yote, sizoni 3, episodi 19, mimi na shemeji yangu na mpwa wangu wa miaka 15, na kila episodi ikiisha ni ubishi mpaka mtu wa kwanza asinzie. Ndo maana ule mstari umeniuma. Mpwa wangu kausoma akanigeukia akasema, "Si unaona mjomba, hata gazeti limesema." Yaani siku zote nilizokaa kumweleza zikafutwa na mstari mmoja wa gazeti, kwa sababu gazeti ni gazeti na mjomba ni mjomba tu.

Kwa ambao hawajaiona, kwa kifupi. Imeandikwa na Lisa McGee, mzaliwa wa Derry, mji ulioko Ireland ya Kaskazini, sehemu ya kisiwa cha Ireland iliyo chini ya Uingereza, na yeye mwenyewe alisoma shule ya wasichana ya Kikatoliki hukohuko. Ilianza Channel 4 ya Uingereza Januari 2018 ikaisha Mei 2022. Kuna Erin anayejiona mwandishi mkubwa, binamu yake Orla ambaye yuko dunia yake, Clare mwoga wa kila kitu, Michelle mwenye mdomo wa kuchomwa pilipili, na James, binamu wa Michelle, Mwingereza, mvulana pekee kwenye shule ya masista. Kawekwa pale kwa sababu shule ya wavulana wangempiga kwa ajili ya lafudhi yake tu, na hata choo cha wavulana hakuna, siku ya kwanza nzima kijana anahangaika. Sasa hapohapo simama kidogo. James hachukiwi kwa dini, wala hakuna anayemuuliza kama anasali. Shida ni Uingereza iliyoko mdomoni mwake. Hiyo ni episodi ya kwanza kabisa, mwandishi wenu angeanza kushtuka hapo.

Ila ushahidi wenyewe uko episodi ya kwanza ya sizoni ya 2, pale wasichana wanapopelekwa wikiendi ya urafiki na wavulana wa shule ya Kiprotestanti. Padri kijana, mzuri wa sura na anajijua, anaweka ubao mbili, mmoja wa mambo tunayofanana na mwingine wa mambo tunayotofautiana, anawaomba watoto waanze na ya kufanana. Hakuna anayepata hata moja. Ya kutofautiana yanamwagika kama mvua, eti Waprotestanti wanaichukia bendi ya ABBA, eti wanafungia mashine ya kutosti mkate kabatini, eti wanapenda sana supu, eti Wakatoliki wanapenda mno sanamu. Shemeji alicheka mpaka akaomba maji. Huo ubao umekuwa maarufu kiasi kwamba ulikuja kuwekwa kwenye makumbusho, Ulster Museum pale Belfast, watu wanaenda kuusoma.

Sasa mimi nikamuuliza mpwa wangu, hebu niambie, kama hivi ni vita vya dini mbona ubao haukujaa habari ya Papa? Mbona haukujaa ubatizo, wokovu, Biblia ipi ni ipi? Yaliyogusa dini ni machache, kama hizo sanamu, tena kwa pembeni. Lakini katikati ya zile kelele wanatupia mawili ambayo ukicheka sana yanakupita, kwamba Waprotestanti ni Waingereza na Wakatoliki ni Waairishi, na kwamba Waprotestanti wana hela zaidi. Hayo mawili ndo kesi yenyewe Mhariri. Nchi ni ya nani na nani kashika mkate. Mengine yote kwenye ule ubao ni supu.

Hata jina la mji ni kesi. Mwaka 1613 mfalme alitoa hati ya mji kwa makampuni ya London yaliyokuja na walowezi kutoka Uingereza na Scotland, wakabandika London mbele ya Derry ikawa Londonderry. Mpaka leo anayetaka Ireland iwe moja anasema Derry, anayetaka kubaki na Uingereza mara nyingi anasema Londonderry, na wanaoogopa ugomvi wanaandika yote mawili na alama ya mkwaju (/) katikati. Mtangazaji mmoja wa redio wa kwao, Gerry Anderson, akaamua kuuita Mji wa Mkwaju, mambo yaishe. Erin anaanza komedi nzima na hilo la jina.

Twende kwenye mkate. Kisiwa kilipokatwa mwaka 1921, kaunti 6 za kaskazini zikabaki Uingereza, zikapewa bunge lao, na chama kimoja cha waunionisti, yaani wale wa kubaki na Uingereza, kikatawala kuanzia hapo mpaka 1972. Derry iko karibu kabisa na mpaka na watu wake wengi ni Wakatoliki. Sasa wewe unatawalaje mji ambao wengi hawakutaki? Unachora kata. Wakatoliki walibanwa karibu wote kwenye kata moja ya kusini yenye viti 8, halafu kata mbili zilizobaki zikawa na viti 12 vya waunionisti. Wengi mjini, wachache kwenye baraza, kila uchaguzi, miaka na miaka. Na si hilo tu, kura ya serikali za mitaa ilikuwa inafuata nyumba. Mwenye nyumba au mpangaji aliyeandikishwa, na mke au mume wake, basi. Kijana wa miaka 30 anayeishi kwa mama yake hana kura, aliyekodi chumba ndani ya nyumba ya mtu hana kura, wakati mwenye kampuni alikuwa na kura za ziada. Kwa hiyo baraza likikupa nyumba limekupa na kura, ndo maana nyumba hazikutolewa, familia zikawa zinarundikana. Mwaka 1965 serikali ikatafuta mahali pa kuweka chuo kikuu kipya, Derry mji wa pili kwa ukubwa ukaachwa, chuo kikaenda Coleraine, mji mdogo wenye Waprotestanti wengi. Na hapo naongeza, kuna Waprotestanti wa Derry pia waliandamana kulilia kile chuo. Hata wao waliona.

Tarehe 5 Oktoba 1968 watu wakaandamana mtaa wa Duke Street, madai yao mtu mmoja kura moja, nyumba, kazi. Polisi wakawapiga virungu mpaka mbunge akatokwa damu kichwani, na mpiga picha wa televisheni ya Ireland alikuwepo, dunia ikaona. Wengi wanahesabu misukosuko yote kuanzia siku ile, kile kipindi cha kama miaka 30 ambacho wenyewe wanakiita the Troubles, jina la upole kweli kwa kitu kilichoua zaidi ya watu 3,500.

Mhariri naomba nafasi hapa kidogo maana hapa ndo patamu, au pachungu. Agosti 1969 baada ya siku 3 za mapigano kati ya vijana wa Bogside, mtaa wa Wakatoliki hapo Derry, na polisi, jeshi la Uingereza likaletwa. Unajua akina mama wa Kikatoliki waliwafanyia nini wale askari? Waliwapelekea chai. Kweli kabisa, vikombe vya chai, kwa sababu waliona afadhali hawa kuliko polisi. Askari wengi wale kwa asili ni Waprotestanti wa Uingereza, kama ugomvi ungekuwa wa dini ile chai ingetoka wapi? Haikuchukua muda ikamwagika. Mwaka 1971 serikali ikaanza kukamata watu na kuwafunga bila kesi, na Jumapili ya tarehe 30 Januari 1972 watu wakaandamana Bogside kupinga hilo, askari wa parachuti wakafyatua risasi, 13 wakafa siku ileile na wa 14 akafa baadaye. Hawakuwa na silaha. Ripoti iliyosema hivyo waziwazi ilitoka mwaka 2010, na waziri mkuu David Cameron akasimama bungeni kuomba radhi, miaka 38 baadaye. Sasa mmoja wa viongozi wakubwa wa yale maandamano, mbunge Ivan Cooper, alikuwa Mprotestanti. Nilipomwambia mpwa wangu hilo akanyamaza, na huyu mtoto hanyamazi ovyo.

Sisemi dini haikuwepo. Ningekuwa mwongo. Shule zilikuwa mbalimbali, makanisa mbalimbali, mtu akitaja jina la ukoo au la shule ushajua ni upande gani, na kulikuwa na mchungaji kama Ian Paisley aliyesimama mimbarani akiunguruma siasa. Kila tarehe 12 Julai watu wa Orange Order, chama cha Waprotestanti, wanaandamana na ngoma kukumbuka mfalme wa Kiprotestanti aliyeshinda vita mwaka 1690, na kwenye komedi familia ya Erin inakimbia likizo siku hiyo inajikuta gari limezingirwa na maandamano, na nyuma kwenye buti kuna mtu wa IRA, jeshi la siri lililopigana ili Ireland iwe moja, kajificha. Lakini dini pale ilikuwa kama jezi. Jezi inakuonyesha timu ya mtu, mpira hauchezwi kugombea rangi ya jezi. IRA yenyewe iliua Wakatoliki wengi tu, iliyowaita wasaliti. Na kwa jumla karibu vifo 6 kati ya 10 vilisababishwa na makundi ya upande wa IRA, hilo pia lisemwe, kwa sababu shemeji yangu alishaanza kuwaona kama mashujaa wa sinema. Julai 1972 mabomu ya gari yaliua watu 9 kijiji cha Claudy, si mbali na Derry, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na mmoja alikuwa mtoto wa miaka 8.

Hapa nakubali na wanaoilaumu hii komedi kwamba inaangalia kutoka dirisha moja. Ni kweli. Waprotestanti wanaonekana kama wageni wa wikiendi. Wengi wa Derry walihama ng'ambo ya mto Foyle katika miaka ile, upande wa mjini ikabaki jamii ndogo tu mtaa wa Fountain, na hofu yao kwenye komedi huioni. Ila Lisa McGee kaandika nyumba aliyokulia, sijui tungemtaka aandike ya nani.

Ubishi mkubwa wa hapa nyumbani lakini haukuwa huo. Shemeji anasema hivi watu wamekufa halafu nyie mnacheka, si dharau hii? Bomu limetegwa darajani, mama mdogo wa Erin shida yake ni atachelewa saluni. Mimi nikamwambia shemeji, hiyo ndo kweli kuliko yote humu ndani. Kitu kikikaa miaka 25 mlangoni kwako hukiogopi kila asubuhi, kinakukera. Daraja limefungwa, unachelewa, unasonya. Askari wanaingia kwenye basi la shule na bunduki, Michelle anawaangalia yupi ni hendisamu. Mtoto wa miaka 16 aliyezaliwa ndani yake anajua nini kingine?

Na hata kejeli nyingine wala hazikutungwa. Kuna pale Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, chama cha siasa cha upande wa IRA, anaonekana kwenye tivii lakini sauti si yake, James anashangaa, anajibiwa eti sauti ya Adams inavutia mno, Waingereza wanaogopa. Mpwa wangu akadhani ni utani wa skripti. Kumbe tangu Oktoba 1988 mpaka Septemba 1994 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku sauti za Sinn Féin na makundi mengine kusikika hewani, basi vituo vikawa vinaajiri waigizaji wasome maneno yaleyale huku midomo ya mwenyewe ikicheza, mmoja wao Stephen Rea, mwigizaji mkubwa tu. Serikali nzima ilikaa ikaamua hivyo bila kucheka.

Shemeji alinyamaza sizoni ya 1 ilipoisha. Orla yuko jukwaani shuleni peke yake anacheza mambo yake ya erobiki, watu wanamcheka, wenzake wanapanda kucheza naye ili asiaibike. Wakati huohuo nyumbani wakubwa wamesimama mbele ya tivii, habari za bomu, watu wamekufa. Babu Joe, ambaye tangu episodi ya kwanza kazi yake ni kumtukana mkwewe Gerry, baba yake Erin, anamwekea mkono begani. Hasemi kitu. Picha inarudi kwa watoto wanacheza, inarudi kwa wakubwa, basi, imeisha. Sijui kama kuna habari yoyote ya vita ile iliyonieleza zaidi ya ule mkono.

Mengine ya kihistoria yamepangwa vizuri na mtu anaweza kuyafuatilia mwenyewe. IRA kusitisha mapigano, hiyo ilikuwa 31 Agosti 1994. Bill Clinton kuja Derry, 30 Novemba 1995, umati uwanja wa Guildhall, na ile hotuba mnayosikia mwishoni mwa sizoni ya 2 ni yake kweli. Sista Michael mkuu wa shule anaendesha DeLorean, watu wanadhani ni utani wa sinema za Marekani, kumbe magari yale yalitengenezwa hukohuko Dunmurry nje kidogo ya Belfast miaka ya 1981 na 1982, kwa hela ya serikali, kiwanda kikafa haraka. Huo ni utani wa wenyeji.

Kisha episodi ya mwisho, kura ya maoni. Mkataba wa amani ulisainiwa Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998, ukachapwa kijitabu kikapelekwa kila nyumba, na Mei 22 watu wakapiga kura. Humo ndani kulikuwa na kipengele cha kuwaachia wafungwa wa makundi ndani ya miaka 2. Erin na Michelle wanagombana vibaya kwa hicho, kwa sababu kaka yake Michelle yuko jela, aliua mtu. Erin hajui kama ni haki atoke. Michelle anamtaka kaka yake. Hakuna padri wala sista wa kuwaamulia, na wote wawili ni Wakatoliki, wa shule moja, mtaa mmoja. Basi hivyo vita vya dini viko wapi hapo? Asilimia 71 walisema ndiyo, na ndiyo ile ilikuwa na watu waliotia tiki huku wanalia kwa sababu muuaji wa ndugu yao angetoka. Zaidi ya wafungwa 400 walitoka.

Jambo moja nimalizie, halimo kwenye komedi. Pale Derry mtaa wa Orchard Street kuna ukuta mzima wa baa wamechorwa wale watano na sare zao za shule, watu kutoka nje wanapiga picha hapo. Ukishuka Bogside kuna ukuta mwingine wa msichana wa sare ya shule, wa zamani zaidi. Huyo si wa kuigiza. Anaitwa Annette McGavigan, alikuwa na miaka 14, alipigwa risasi na askari Septemba 1971. Kwenye mchoro kuna kipepeo juu yake, ambaye wachoraji walimwacha bila rangi kwa miaka mingi mpaka walipoona amani imekaa ndo wakarudi kumpaka, na bunduki iliyokuwa nzima wakaichora imevunjika. Mpwa wangu sasa anataka kuona kuta zote mbili siku moja, nimemwambia aanze kuweka akiba.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu dogo, ule mstari urekebishwe, nafasi ya mstari mmoja inatosha, na huyo ndugu yangu wa burudani mwambie sina ugomvi naye, arudie tu sizoni ya 2 episodi ya kwanza, asimamishe picha kwenye ubao, ausome taratibu.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi, mjomba wa yule asiyenyamaza.